Walinitoa mufupa wa shingo, wakaweka wa kiuno

Wakuu, ba papa na ba maman wa humu, jambo kwenu.

Haya ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe. Kovu moja iko shingoni, ingine iko kiunoni. Nitaeleza kwa nini ziko mbili.

Niko mushonaji wa nguo, Bukavu, ku Kadutu.

Mwaka jana shingo ilianza kuniuma. Nikasema ni kuinama ku mashini. Bwana yangu akanipeleka kwa muzee moja wa Nyangezi anayekandaga watu. Akavuta kichwa, nikasikia kama umeme mupaka ku vidole.

(Wakuu, hiyo musijaribu.)

Kisha mukono wa kuume ukalegea. Hata makasi ikanishinda.

Ku hôpital wakanipitisha ku scanner. Docta akatuonyesha picha: uvimbe ulikuwa unakula mufupa wa tano wa shingo. Akaeleza atapasua kwa mbele, atoe ule mufupa, aweke kipande cha mufupa wa kiuno changu, akaze na chuma na vis, zile skrubu. Hakuficha kitu: mishipa ya mikono na miguu inapita pale pale nyuma. Ikiguswa vibaya, ninaweza kubaki kitandani maisha yote.

Bwana yangu, mutu wa maneno mingi, aliangalia ile picha. Kisha akauliza: "Docta, sasa akicheza ngoma mu mariage, mu harusi ya watu, itatikisika kiuno ao shingo?"

Docta alicheka mupaka akavua miwani. Nikasaini karatasi ya kupasuliwa nikicheka.

Nilipoamuka, nikasikia sauti ya docta: "Maman, inua kidole gumba."

Nikainua vyote kumi.

Akasema miguu. Nikapiga teke, shuka ikaanguka chini. Bwana alipoambiwa, akacheza ku corridor mupaka infirmière, muuguzi wa pale, akamufukuza inje.

Kile walichotoa kikapelekwa kupimwa. Kungojea jibu kulikuwa kugumu kuliko kisu. Jibu likasema haiko kansa. Lakini nitarudi ku scanner kila mara, kwani uvimbe unaweza kuota tena.

Nilichojifunza: shingo ikiuma na mukono unalegea, kimbia kwa docta, usimupe mutu kichwa chako avute.

Leo ni siku ya tano tangu wanitoe kola ngumu ya kushika shingo. Ninageuka ovyo ovyo, wakuu. Barabarani mutu akiita "Maman!", hata akiita mwingine, ninageuka.

Na nyinyi muniite hapa chini, muulize munachotaka. Nitageuka.