Mahali pa Bosi

Fundi cherehani wa mtaani kwetu bado anaruka mahali alipokuwa akilala mbwa wake. Bosi, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwahi kufanya kazi, alikufa kwa uzee mwezi uliopita. Hata hivyo, kila fundi anapotoka kwenye meza ya kukatia kwenda kwenye cherehani, hushika sketi aliyovaa kwa vidole viwili, huinua mguu na kuvuka sakafu tupu. Pini huwa amezibana mdomoni, kwa hiyo huongea kwa pembe moja ya midomo, na tangu msiba ule ameongea vipimo tu: kiuno, bega, urefu. Sisi wateja wake wa zamani nasi tunaruka. Jana aliingia bwana harusi mtarajiwa, mgeni, tumbo likimtangulia, akaelekea moja kwa moja kwenye kioo.

“Shemeji, utamkanyaga Bosi,” akaonya mama mmoja aliyekuwa akingojea gauni lake.

Bila kuuliza Bosi ni nani, yule bwana akaruka. Suruali ikapasuka nyuma, praa, naye akageuka akaiambia sakafu, “Samahani, mkubwa.”

Fundi akatema pini kiganjani. Akacheka mpaka akaketi palepale pa Bosi, akijifuta machozi kwa tepu ya kupimia.

“Angekuuma kwanza,” akasema, “ndipo akusamehe. Leta hiyo suruali, baba.”

Kisha akainuka, akarudi nyuma hatua moja, akaruka kwa madaha hadi kwenye cherehani.