Nusu ya Mti wa Avoka

Kwetu Majengo bei ya kwanza ni salamu tu. Muuzaji anataja yake, wewe unacheka kidogo na kutaja yako, naye anacheka, ndipo biashara inaanza. Anayelipa bei ya kwanza tunamhurumia kama mgonjwa. Mimi nimelelewa hivyo, na aliyenilea ni mama, mwanamke wa Butembo ambaye angeweza kumshusha padri hata katika sala za kitubio.

Kwa hiyo asubuhi ile wafanyakazi wa umeme walipofika na ngazi na msumeno wa mafuta, hatukuogopa. Tulijua la kufanya. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Walikuja kwa ajili ya mti wa avoka. Baba aliupanda wakati parsele yetu, kiwanja chetu chote, ilikuwa lava tupu, hakuna hata pa kuchomeka kijiti. Alivunja jiwe kwa mtarimbo, akaagiza udongo kutoka upande wa Masisi, mifuko kwa mifuko juu ya chukudu, vile vigari vya mbao vya kusukuma, akajaza shimo. Majirani walimuuliza anamzika nani. Alikufa kabla mti haujazaa, mama akabaki nao. Avoka ya kwanza ya kila msimu hakuiuza. Aliikata, akaiweka mezani upande aliokuwa akikaa baba, na hakuna aliyeigusa mpaka yeye aseme tule.

Nguzo za umeme zilikuja baadaye, zikapangwa kando ya barabara. Matawi yaliyokuwa yakizisogelea nyaya niliyahesabu, kisha nikayahesabu tena. Yalikuwa matatu.

Shefu wao, mwanaume mwenye kofia ya njano na sauti ya kuchoka, aliutazama mti kutoka juu mpaka chini.

“Mama, sheria inasema hii muti iende yote. Mpaka chini.”

Mama akacheka kidogo. Nilikijua kicheko kile.

“Papa, muti ulitangulia. Nguzo yenu ndiyo mugeni. Mugeni anafika tu, anavunja kitanda cha mwenye nyumba?”

“Huyu mugeni iko na sheria.”

“Basi sheria ikae, inywe chai. Hapa hautakata hata jani.”

“Na mvua ikinyesha, waya iguse tawi, mutoto aguse muti? Nani ataulizwa?”

“Watoto wangu wako na ndevu,” mama alisema akinielekeza mimi kwa kidevu. “Hawapande miti tena. Hata kazi hawatafute.”

Shefu akashuka: atabakiza shina la urefu wa mtu. Mama akapanda: achukue ncha za matawi matatu. Nikaingilia, nikamwambia shefu kwamba shina bila matawi ni nguzo nyingine, na nguzo anazo tayari. Wenzake wakacheka. Hatimaye tukakutana katikati, mahali ambapo watu waungwana hukutana: nusu. Upande wote wa barabara utakwenda, upande wa nyumba utabaki. Na kuni zitakuwa zetu. Hilo mama alilichomeka mwishoni akiwa tayari ameshika mkono wa shefu. Siku nzima alitembea kama mtu aliyemuuzia daktari wa mifugo mbuzi kilema.

Mti uliobaki ulionekana kama mtu aliyenyolewa upande mmoja. Uzito wake wote sasa uliielekea nyumba. Tulizoea.

Kisha ikaja mvua yenye upepo, mchana, sisi tukiwa sebuleni, na mti ukalala juu ya jiko la nje. Mizizi yake ilikuwa imeshika udongo wa baba tu. Lava haikuwahi kuipokea. Iling'oka pamoja na udongo wote, shimo likabaki safi, na alama za mtarimbo bado zinaonekana kwenye jiwe.

Ulipoanguka, mti ulikata waya unaoingiza umeme nyumbani, kwa hiyo shefu yuleyule alirudi kuuunga. Alikuja kusimama kando ya shimo.

“Mama, kwa nini ulikubali nusu?”

“Si wewe ulisema sheria inataka yote?”

“Sheria inataka mita mbili kutoka kwa waya. Ni yale matawi matatu tu.” Alivua kofia. “Lakini nikisema mita mbili hapa Majengo, watu watanishusha mpaka moja, na hiyo moja inaua mutu. Kwa hiyo ninaanza juu. Kila parsele nilianza juu. Jirani yako hapa alinishusha mpaka mita mbili, nikamwachia. Na wewe nilingoja ushuke tena. Ukanipa mukono.”

Nimemtafutia chuki mtu huyu, sijaipata yote. Alifanya tunachofanya sisi sote kuanzia asubuhi. Waliotunga sheria hiyo sijui wanaishi wapi. Kwetu ilifika ikiwa mdomoni mwa mtu aliyeshika msumeno, na tukaipokea kama tunavyopokea bei ya nyanya.  Mama aliingia ndani kuchemsha maji, kwa kuni za avoka, ambazo zina moshi mwingi na moto mdogo.

Msimu ulipofika tulikwenda sokoni pamoja. Mama aliinua avoka moja, nzuri, na muuzaji akataja bei ya kipumbavu kabisa. Nilingoja kile kicheko. Mama akalipa. Muuzaji alizitazama zile pesa, kisha akanitazama mimi, kama anayeuliza ugonjwa ulimwanza lini.

Nyumbani aliikata, akaiweka mezani upande wa baba. Tukakaa. Hakusema tule. Ilikaa pale mpaka ikawa nyeusi, na hakuna kati yetu aliyethubutu kuiondoa.