Mtego Niliouchora kwa Jicho Moja

Mimi ni mchoraji wa vibao vya maduka, na nina jicho moja. La kushoto lilitolewa na majeshi ya nchi mbili jirani, yalipokuja kurushiana mabomu juu ya mapaa yetu hapa Kisangani kwa ajili ya almasi isiyo yao. Walioyafungulia mlango ni wakubwa wetu wenyewe, na wengine hadi leo tunawapisha barabarani. Nimeandika, asiyependa anune.

Mwaka huu nilishikwa na hamu moja: kuchora kwenye kitambaa mtego wa Wagenia, wavuvi wa maporomoko ya hapa kwetu, lile kapu refu la samaki, mdomo wake ukitoka nje ya picha kumwelekea mtu anayeingia. Siku nne sikukumbuka chakula. Nilifunga uzi mlangoni, pale mtu atakaposimama, nikauvuta hadi kwenye kitambaa kupima kila fito. Ndani ya kapu nikapaka masizi, tabaka juu ya tabaka, mpaka pakawa shimo.

Lakini kwa jicho moja, kilichochorwa na cha kweli hufanana. Mwenye macho mawili atadanganyika? Mimi peke yangu nisingejua kamwe.

Nikamwita tonton, ndugu wa mama, aliyezeeka akitega kwenye maporomoko. Macho yake mazima, ulimi pia.

"Kama iko ule samaki yako ya mwaka jana, ule ulifanana na kandambili, mimi narudia kwangu."

"Ingia tu, tonton. Simama hapo kwenye mlango."

Akasimama. Mimi nilitazama miguu yake. Mguu mmoja ukarudi nyuma. Kisha akageuza shingo, akaangalia uani, ambako kulikuwa na kamba ya nguo tu.

"Unatafuta nini, tonton?"

"Maji," alisema. "Mtego inaangaliaka kwenye maji inatokea. Kama mdomo iko huku, basi maji iko nyuma yangu." Akacheka kwa aibu. "Mwizi weye. Umenifanya samaki."

Nilikaa juu ya kopo la rangi, nikacheka naye. Tonton akaziba jicho lake la kushoto kwa kiganja, akautazama mtego.

"Weye unaonaka hivi?"

"Hivi hivi. Sasa toa mkono, tonton. Angalia tena na yote mawili, uniambie kama mdomo bado umetoka nje."