Mkamwana kwenye Karia

Wageni wakiiona baiskeli ya mume wangu imelala uani inanyeshewa, madigadi yameoza na cheni imeshikana kwa kutu, wanasema huyu mzee ni mvivu. Mvivu, Asukile? Tangu siku alipompeleka mke wa mwanetu hospitali kwa baiskeli hiyo hajaigusa, na mimi Damari, mkewe, sijamwambia aiguse. Lakini kabla ya hapo, we acha tu, kile chuma nilikionea wivu.

Alikuwa anapeleka maziwa mjini Mbeya kila asubuhi kutoka kwetu milimani, juu ya Uyole. Mvua ya kwetu haina adabu. Ikianza haiulizi kama umeanua nguo, na barabara inageuka uji. Wenzake wakirudi walizitupa baiskeli ukutani wakakimbilia moto. Asukile hapana. Alifika ameloa mpaka mifupani, meno yanagongana, na kitu cha kwanza kuniomba ni matambara. Ataipindua magurudumu juu, akwangue matope kwa kijiti, afute ringi, afute cheni pingili kwa pingili, kisha adondoshee mafuta kila mahali panapozunguka.

"Baba Anyitike, chai inapoa," nitamwambia.

"Chai ikipoa utaipasha. Cheni ikila kutu utaipasha?"

Basi, namwachia mke mwenzangu amalize kuogeshwa.

Kilichompa kiburi hasa ni dainamo, kile kichupa cha chuma kinachosuguana na tairi mpaka taa ikawaka. Kijiji kizima hatukuwa na umeme mwingine. Mvua ikinyesha kichwa cha dainamo huteleza juu ya tairi na taa ikafa, kwa hiyo alikivalisha kipande cha mpira wa tyubu ya zamani, na nyaya akazizungushia nailoni. Taa ile aliihitaji hata mchana, maana ukungu wa kwetu ukishuka, dereva wa lori hakuoni mpaka amekufikia. Ubaya wake ni kwamba ukisimama, nayo inazima. Na ikiwaka dainamo inavuma, inavuma, mpaka mpandaji hasikii mtu anayesema nyuma yake.

Sasa, sisi Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Mkamwana akisikia mkwewe anakuja, anatoka njiani, anageuka, anajifunika. Hawasemeshani wala hawagusani. Vijana wa siku hizi wanacheka, wacheke tu. Asukile alianza kupiga kengele tangu kwenye migomba ya jirani yetu Sedekia, ili Ikupa, mke wa mwanetu Anyitike, apate nafasi ya kuingia jikoni. Ikupa alikuwa binti wa maneno mengi, mimi na yeye tulipiga soga mpaka viazi vikaungua, lakini kengele ile ikilia anakuwa kama hayupo. Na Asukile alimpenda. Akitoka mjini alinipa sukari yangu mkononi, kisha akaweka kifurushi cha pili juu ya kinu bila kusema ni cha nani.

Mwaka wa sabini na tisa Anyitike alikwenda Mgololo, upande wa Iringa, kutafuta kibarua kwenye ujenzi wa kiwanda cha karatasi. Akamwacha mkewe na mimba kubwa. Ikaja Aprili, mvua imepamba moto, uchungu ukamshika Ikupa alfajiri. Kufika mchana mkunga akaniita pembeni akanionyesha kitambaa. Damu ilikuwa nyingi, na mtoto hajashuka.

"Hospitali," akasema. "Na iwe upesi."

Upesi na nini? Mafuta yalikuwa hadimu miezi ile, hakuna gari lililopita tangu asubuhi. Kwa machela, na utelezi ule, wanaume wangefika usiku. Ikabaki baiskeli. Sedekia akajitolea, kijana mwenye nguvu, lakini baiskeli ya mtu inamjua mwenyewe. Akajaribu kwanza na gunia la viazi kwenye karia, pale pa mizigo nyuma ya kiti. Kimteremko cha zizini tu kikamshinda. Ringi zimeloa, amebana breki na baiskeli inakwenda tu, akaishia matopeni na gunia lake. Asukile alikuwa anachungulia nyuma ya ghala.

"Huyo atamuua," akaniambia.

"Basi mpeleke wewe."

Akanitazama kana kwamba nimemtukania mama yake. "Mimi?"

"Wewe. Au unataka tumzike kwa heshima?"

Nilikuwa na hasira, sikuchagua maneno. Akajifuta maji ya mvua usoni. Kisha akasema, "Mfunike. Mfunike kabisa, asione wala asionekane. Mimi sitageuka. Na umwambie akizidiwa, akitaka tusimame, avute koti langu."

Nikaingia kumwambia Ikupa. Uchungu wote ule hakuwa amelia, lakini hapo akalia.

"Mama, nitamshikaje baba?"

"Hutamshika wewe, mwanangu. Kanga ndiyo itamshika. Ukizidiwa, vuta koti. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Tukatandika blanketi kwenye karia. Asukile akapanda, akatazama mbele, mikono kwenye usukani, shingo imekakamaa. Tukamkalisha Ikupa nyuma yake, nikamfunika shuka kuanzia kichwani, nikamfungia kwenye kiuno cha mkwewe kwa kanga zangu mbili nzuri. Nilipokuwa nakaza fundo nilisikia Asukile anasali chini kwa chini. Wakaondoka. Mimi na Sedekia tukafuata kwa miguu.

Yaliyotokea njiani alinisimulia mara moja tu, hakurudia. Mambo yote ya baiskeli aliyafanya sawasawa. Kabla ya kila mteremko alibana breki kidogo kidogo ili raba zifute maji kwenye ringi, ndipo akaiachia ishuke. Kila dimbwi alilizunguka, maana chini ya maji hujui kuna shimo gani. Alikwenda polepole penye mawe, asimtikise. Kwenye kona kubwa ukungu ukawafunika wasione hata ukingo wa barabara, akaangusha dainamo kwenye tairi, taa ikawaka. Lori lililokuwa linapanda likatokea mbele yao, likawapisha. Tangu hapo hakuthubutu kusimama, kwa sababu akisimama taa inazima. Akaenda na ule mvumo masikioni na mvua juu ya kofia.

Mwanzoni, alisema, alimsikia Ikupa amejitenga, amekaa mbali naye kadiri kanga zilivyoruhusu. Halafu walipofika chini, karibu na Uyole, akamsikia anaegemea. Kichwa kikalala mgongoni kwake. Akadhani maumivu yamepoa na binti amesinzia. Alifurahi, mwenzangu. Alifurahi kwamba mkamwana wake ameacha kumwogopa. Akakaza mgongo asimwamshe, na koti halikuvutwa hata mara moja.

Hospitali, kule mjini, aliwapigia kengele wauguzi waje kumpokea, yeye akabaki juu ya baiskeli, macho mbele. Muuguzi akafungua kanga, akafunua shuka. Ikupa alikuwa amekwisha kufa, na mtoto tumboni naye amekufa.

"Mzee, huyu amekufia mgongoni," muuguzi akamwambia. "Hukumwona?"

"Sikumwangalia."

"Hukumwangalia? Mgonjwa unamfunga kama mzigo wa kuni halafu humwangalii?"

Akamsema mbele za watu. Asukile hakujieleza. Ungemweleza nini mtoto wa watu aliyetoka mbali, hajui mila zetu, na yeye kwa upande wake anasema kweli? Muuguzi akamwita aingie athibitishe kuwa marehemu ndiye Ikupa. Asukile akageukia ukuta, akasema, "Mngojeni mama yake anakuja."

Tulifika jua linazama. Nilimkuta barazani amesimama, mgongo wa koti lake umeloa damu na mwenyewe hajui. Nilipoona ile damu sikuhitaji kuuliza. Nikaingia ndani. Ikupa wangu alikuwa amelala amekunja uso kidogo, kama anayesikiliza. Nikaishika mikono yake. Vidole vilikuwa vimeganda vimejikunja, na viganjani mlikuwa na michubuko ya vile vyuma vya karia. Alikuwa ameshika karia mpaka mwisho. Koti hakuligusa.

Nilitoka nimewaka. Nilimpenda Asukile, nampenda hata leo, lakini saa ile nilitaka kumpiga.

"Ungegeuka," nikamwambia. "Mara moja tu, Baba Anyitike. Ungegeuka ukamwona hali yake, ukapiga hodi nyumba yoyote ya Uyole."

Sedekia alinishika mkono, nikautoa. Tulikaa hivyo hivyo, mvua inapiga bati, mpaka nilipochoka kulia.

Ndipo akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Ana sura gani?"

"Nani?"

"Ikupa. Amekaa kwangu tangu aolewe, anapika nakula. Sijamwona. Anyitike akija ataniuliza nilimwonaje, nitamwambia nini?"

Nikamwambia. Nikamwambia ni mweusi wa kung'aa, ana mwanya, ana kovu dogo hapa chini ya jicho alipoangukia jembe utotoni, na akicheka anafumba macho. Alinisikiliza kama mtu anayeelekezwa njia. Nilipofika kwenye kicheko akainamisha kichwa.

Hasira ikanitoka yote. Nikamshika bega. "Ingia ukamwone mwenyewe," nikamwambia. "Hakuna atakayekulaumu sasa. Heshima hiyo imekwisha."

"Hapana, Mama Anyitike," akasema. "Sasa hana mikono ya kujifunika."

Akabaki pale barazani, amegeukia mvua, mpaka nilipomaliza kumwosha na kumvalisha.