Mahali Wasiposema Pole

Baba hakuniomba zawadi. Mwaka mzima ulikuwa umepita tangu kiharusi kimpooze upande wa kushoto, na alichotaka kilikuwa kimoja tu: asimame mwenyewe, ateremke kwenye matuta yake ya kabichi nyuma ya nyumba bila mimi kumshika kwapani. Aliwahi kuwaona wanamieleka wa sumo kwenye televisheni ya jirani, hapa hapa Mlalo. Nilipokwenda kumuaga kwa safari ya Japani akasema, "Wale wanene wakianguka, wananyanyukaje? Kaniangalizie, mwanangu."

Mimi ni bibi shamba, na Japani nilikwenda kwa mafunzo ya wiki tatu ya kilimo cha mboga. Mwezi ule hakukuwa na mashindano ya sumo, kwa hiyo mwenyeji wetu alitupeleka asubuhi moja kwenye nyumba wanamoishi na kufanyia mazoezi wanamieleka. Tuliketi kwenye mito, miguu tumeikunja mpaka ikafa ganzi, na tulishaonywa tusitoe sauti. Wenyewe walikuwa wamepiga ubinda tu, na baridi ilikuwa kama ya kwetu mwezi wa saba. Mmoja, mdogo kuliko wenzake, kazi yake ilikuwa kumsukuma jitu kifuani mpaka ng'ambo ya duara la udongo. Anasukuma, anatupwa, anabiringika, anarudi. Mgongo wote mchanga.

Mara ya nne alianguka kwa kishindo karibu na miguu yetu. Nikasema, "Pole."

Sikukusudia. Kwetu mtu akijikwaa njiani, hata kama humjui, hata kama kosa ni lake, pole inatoka yenyewe. Nyumba nzima ikanigeukia. Yule kijana akanitazama kama vile nimemtukana. Mwenyeji akaninong'oneza kwamba pale aliyeanguka haambiwi kitu, ananyamaziwa mpaka ainuke. Nikaona aibu, lakini macho sikuyaondoa. Kijana aliweka kiganja gotini, akavuta pumzi, akasimama. Hapakuwa na siri nyingine. Goti lake lilikuwa zima, basi. Nikajua pale pale kwamba sina cha kumpelekea baba.

Nilimpelekea hata hivyo. Ulikuwa upumbavu, na ninaukiri. Nilimwambia: kiganja gotini, vuta pumzi, simama, mimi sitakushika wala sitasema neno, ndivyo wanavyofanya wenyewe. Alifurahi kama mtu aliyeletewa dawa. Kila asubuhi nilimkalisha uani kwenye kigoda cha mama cha jikoni, ukungu bado umekaa bondeni, nikarudi nyuma hatua tatu, nikanyamaza. Siku nane hakuinuka hata kidogo. Nilijiambia anajifunza.

Siku ya tisa alijisukuma kwa nguvu zote akaanguka ubavu, shavu chini kwenye udongo. Nikakaza mdomo. Mkono wake ulio mzima ukatafuta goti, ukateleza. Ukatafuta tena, kisha ukaacha. Nikaendelea kusubiri, nikidhani namheshimu.

"Mwanangu," akasema kwa ule ulimi wake mzito, bila kuniangalia, "hata pole hunipi?"

Nikampa. Nikamfuta udongo shavuni, nikamshika kwapani, tukaingia ndani polepole. Mlangoni akaniambia kile kigoda nikirudishe jikoni, mama anakihitaji.