Herufi Mbili za Muskowiter

Kijerumani nilijifunza mwenyewe, nikiogopa kila kosa. Neno Muskowit nililijua kutoka sanduku la mawe pale boma la Wajerumani, Arusha, nilikokuwa karani: ni ulanga, jiwe linalobanduka kama karatasi. Siku moja kikaratasi kikaja kutoka kijiji cha Akheri: “Muskowiter, Akheri, haraka.” Zile herufi mbili za mwisho niliziona kosa, nikazifuta. Nikatuma wapagazi na vikapu wakalete ulanga.

Walirudi jioni, vikapu vitupu.

“Karani, jiwe lako lina ndevu na homa,” mmoja alinicheka. “Linaomba maji. Tungelibeba kwenye kikapu?”

Mgonjwa huyo alikuwa mlowezi kutoka Urusi. Muskowiter ni mtu wa Moskwa. Machela niliyoituma ilipomfikia, alikwisha kufa. Kikaratasi ninacho. Nimeziandika upya herufi zile, mara nyingi.