Ukurasa wa Pili

Ofisi yangu ya mifugo ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko la Lushoto, na kompyuta iliyokuwemo haikuwa ya serikali. Iliachwa na mradi wa ng'ombe wa maziwa. Wafadhili walipofungasha waliondoka na gari, mashine ya kuchapa, hata viti vizuri. Kompyuta na waya wake wa simu, tofauti na ule wa simu ya mezani, waliviacha, sijui kwa kusahau au kwa kuona aibu kuving'oa ukutani. Chama cha wafugaji kikakubali kulipia simu, na kampuni moja ya Dar es Salaam ikawa inatuuzia intaneti. Zilikuwa enzi za soko huria. Vitu tulivyozoea kupewa na serikali, chanjo, dawa za kuogeshea, mbegu za madume, sasa vilikuwa na wenyewe wanaoviuza. Mtu akijiunga na kampuni ile alipewa sanduku la barua pepe kwenye tovuti yao, na ndivyo mimi, bwana mifugo niliyezoea kuandikiwa kwa kalamu, nilivyopata anwani ya aina hiyo.

Ilikuja wakati mzuri. Mke wangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amepata nafasi ya kwenda kujiendeleza Dar es Salaam. Yeye alikuwa Msambaa, kwao juu ya Soni. Mimi ni mtu wa Songea, kazi ndiyo iliyonipandisha milima hii. Mtoto wetu wa pekee, wa kiume, alikuwa chuoni Mwanza. Kwa hiyo alipoondoka mama yake, nilibaki mwenyewe na ng'ombe wetu mmoja.

Chuoni kwa mke wangu, kule Dar, kulikuwa na chumba cha kompyuta, na akaanza kuniandikia. Niseme jambo moja kuhusu mke wangu. Nyumbani hakuwa mtu wa maneno. Ungeweza kukaa naye jikoni tangu chai mpaka mchana, ukasikia tu sufuria na kuni. Lakini kwenye barua aliongea. Aliniuliza kama nimeziba bati linalovuja juu ya kitanda. Alinisimulia mwenzake wa chumbani anayeota kwa sauti na kumfokea mkaguzi wa elimu. Aliniambia joto la Dar limemfanya aelewe kwa nini watu wa kule wanatembea taratibu. Mara moja aliandika kwamba siku niliyokuja kwao kuchanja ng'ombe wa baba yake, alijificha nyuma ya banda asije akacheka, kwa sababu nilikuwa nimevaa kabuti la mvua kichwa chini miguu juu, kola ikiwa kiunoni. Tulikuwa tumeoana miaka mingi na hakuwahi kuniambia hilo.

Mwaka wa pili wa masomo aliugua. Alilazwa, na kabla sijapata gari la kushuka Mombo, nikapigiwa simu ofisini. Tulimpandisha milimani tukamzika kwao.

Msiba ukaisha, watu wakarudi mashambani. Shemeji zangu walikuwa wema kwangu, hilo siwezi kulikana. Waliniletea magimbi na kabichi. Lakini wakikaa sebuleni kwangu, baada ya salamu za Kiswahili waliteleza wakaingia Kishambaa, na mimi Kishambaa changu kilikuwa cha zizini: ng'ombe kala, ng'ombe kazaa, mshike pembe. Zamani mke wangu alinitafsiria kwa kuniegemea begani. Sasa nilikaa kati yao nikitabasamu wanapocheka, nikishika shavu wanaponyamaza. Wakiondoka nilikuwa nimechoka kama mtu aliyelima.

Kwa hiyo nilizoea kubaki ofisini mchana, kazi ikiisha. Nilifunga mlango, nikaiamuru kompyuta ipige simu, ikapiga mluzi na kukoroma, kisha nikafungua sanduku langu na kusoma barua zake. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa barua mpya: matangazo ya semina, wauza chanjo, wakubwa wa mkoa, salamu za kijana wetu. Chini kulikuwa na kishale. Ukikibofya ulipelekwa ukurasa wa pili, halafu wa tatu, na huko nyuma ndiko alikokuwa yeye.

Siku moja ya masika nilibofya kile kishale, ukurasa ukaja mweupe. Nikadhani ni mvua, maana waya wa simu ulikuwa ukilowana unakata. Nikarudia. Mweupe. Kesho yake jua lilitoka mpaka milima ya ng'ambo ikaonekana mti mmojammoja, nami nikabofya tena, na tena ukawa mweupe. Ukurasa wa kwanza ulifunguka vizuri tu. Huko nyuma ndiko kulikofungwa.

Nikaipigia simu kampuni. Akapokea kijana mwenye haraka.

"Barua mpya zinaingia, mzee?"

"Zinaingia."

"Na za kwako zinatoka?"

"Zinatoka. Ila kile kishale cha ukurasa wa pili hakifanyi kazi."

"Basi huduma iko sawa. Hicho ni kitu kidogo, tutakishughulikia."

Nikasubiri. Masika yakapita, baridi ya kipupwe ikaingia, ukungu ukawa unashuka sokoni tangu saa tisa na wauza karoti wakijifunika magunia. Ukurasa uliendelea kuwa mweupe. Nikawaandikia, nikajibiwa na mashine kwamba ujumbe wangu umepokelewa. Nikapiga tena simu, na safari hii akapokea mwanamke. Sauti yake ilikuwa ya mtu mdogo kwangu, na alipoisikia yangu akasema, "Shikamoo baba."

"Marahaba."

Nikamweleza. Hakunikatiza. Akaniambia nibofye yeye akiwa anasubiri, akaniuliza naona nini, nikamwambia sioni kitu. Nikasikia naye anabofya huko kwake.

"Ni kweli," akasema. "Hata kwangu haifunguki. Si kompyuta yako, ni tovuti yetu."

Sikutegemea kwamba maneno hayo yangenifariji kiasi kile. Nilikuwa nimeanza kudhani ni mkono wangu ndio ulioharibu.

"Sasa baba, nitalifikisha kwa mafundi. Lakini wana kazi nyingi, na hili hakuna mwingine aliyelilalamikia. Watu wengi barua za zamani hawazisomi, wanazifuta. Hizo zako ni za kazi?"

"Hapana."

"Ni za lini?"

"Za mwaka juzi na mwaka jana."

Nilitazama dirishani. Nje mama mmoja alikuwa anapanga matunda damu kwenye sinia, akiyafuta moja moja kwa kanga yake.

"Ni za mke wangu," nikasema. "Ameshafariki."

Hakuna mtu niliyekuwa nimemwambia maneno hayo tangu msiba. Lushoto nzima ilikuwa inajua, kwa hiyo sikuwa na wa kumwambia. Niliyasikia yakitoka kinywani kama habari mpya.

"Pole sana baba," akasema. Sauti yake ilishuka. "Pole sana." Kisha akarudi kwenye kazi yake, na nilimshukuru kwa hilo. "Nisikilize. Barua hazijapotea, zipo. Ni njia tu iliyoharibika. Ukurasa wa kwanza unaonyesha zile za juu. Ukizifuta hizo, za chini zitapanda. Futa taratibu, usije ukapitiliza."

Nilianza siku ileile. Kwanza nilifuta matangazo ya semina, kwa furaha. Nikafuta wauza chanjo. Nikafuta barua za mkoa bila kuzisoma upya, na baadaye nikaja kulaumiwa kwa kukosa mkutano mmoja Korogwe. Kila nilipofuta, ukurasa ulivuta kutoka chini barua nyingine, na zilikuwa bado si zake. Nikafika kwenye rambirambi ambazo watu wa kazini walinitumia. Nazo nikazifuta. Kisha zikabaki za kijana wetu. Hapo nilisimama kidogo. Zilikuwa fupi, za mtoto wa kiume: baba hujambo, mitihani inakaribia, baridi huko vipi. Nikazisoma zote mara ya mwisho, nikazifuta.

Ndipo jina la mke wangu likapanda.

Barua yake ya mwisho ndiyo iliyotangulia. Aliandika kwamba kichwa kinamuuma lakini si sana, kwamba wamepewa kazi ya vikundi na kikundi chake kina wavivu, na kwamba nisimpe ng'ombe kabichi nyingi, maziwa yatanuka. Basi. Hakuna kwaheri, alikuwa hajui. Niliisoma nikiwa nimeweka mikono magotini, kama niko kanisani.

Kwa wiki kadhaa sanduku langu lilikuwa yeye peke yake, ukurasa mzima, jina lake tu kutoka juu mpaka chini. Lakini kila barua mpya ilipoingia kutoka kwa yeyote, ilikaa juu, na moja ya zake ikasukumwa kule kusikofunguka. Nilikuwa nazifuta hizo mpya haraka kama mtu anayefukuza kuku kwenye mpunga. Mwisho nikampigia simu kijana wetu bwenini Mwanza.

"Usiniandikie kwenye kompyuta kwa sasa," nikamwambia. "Piga simu."

"Kwa nini baba?"

"Kuna hitilafu."

Simu ya bwenini walikuwa wanaipangia foleni. Alipiga mara moja, kisha akaacha. Na mimi sikumwambia hitilafu yenyewe ni nini, kwa sababu niliona haya kumwambia mtoto kwamba barua zake zinabanana na za mama yake. Kwa hiyo nilikuwa na mama yake ukurasani, na nje ya ukurasa ule sikuwa na mtu.

Yule mwanamke wa kampuni nilikuwa nampigia mara kwa mara kuulizia. Aliijua sauti yangu kabla sijajitaja. Aliniuliza hali ya hewa, nami nikamwambia tumewasha moto tangu asubuhi, na yeye akasema huko wanaoga mara tatu kwa siku. Mara moja aliniuliza ng'ombe anaendeleaje. Sikumbuki nilimtajia lini ng'ombe.

Asubuhi moja simu ikalia kabla sijavua koti.

"Shikamoo baba. Jaribu sasa."

Nikawasha, ikakoroma, ikafunguka. Nikabofya kile kishale. Ukurasa wa pili ukaja umejaa. Nikabofya tena, wa tatu nao ukaja, na mwishoni kabisa ilikuwepo barua yake ya kwanza, ya maneno machache, akijaribu kama inafika: Umeipata? Nijibu basi.

"Zimeonekana?" akauliza.

"Zimeonekana."

"Zote?"

"Zote, mwanangu. Asante sana."

Nilisikia wenzake wakiongea nyuma yake.

"Basi baba, ukipata tatizo jingine usisite kutupigia."

"Sawa."

Nakumbuka nilivyoshusha mkono wa simu, na chumba kilivyonyamaza. Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi. Lakini mchana huo nilijikuta nabofya kila kitu kwenye tovuti yao, juu mpaka chini, nikitafuta kama kuna kingine kilichoharibika. Vyote vilikuwa vizima.

Jioni kabla ya kufunga nilimwandikia kijana wetu kwamba hitilafu imekwisha, aandike tu. Halafu nikamweleza ukweli wake, kwamba nilikuwa namtunza mama yake asisukumwe. Nikamtumia na ile barua ya kabuti, kwa kuwa alikuwa hajaijua habari hiyo.

Jibu lake lilikuja baada ya siku kadhaa, refu kuliko yote aliyowahi kuandika. Alisema alidhani nimemkasirikia. Alisema na yeye anazo za mama, nyingi, na hakuwahi kunigusia kwa kuogopa kuniumiza. Alinitumia moja. Humo mama yake alikuwa anamwambia: "Likizo uende Lushoto, usibaki huko kwa marafiki. Baba yako atakuambia yuko sawa. Usimsikilize."

Alikuja likizo ile. Nilimkuta stendi ameshika begi, amerefuka, masharubu yameanza. Akanisalimia, akaniuliza kama ninaweza kumfungulia ofisi kabla hatujaenda nyumbani. Nikamfungulia, nikamwonyesha kishale, nikamwachia kiti. Kijijini Kwai kulikuwa na ng'ombe wa kutazamwa aliyeshindwa kuzaa, nikamwambia naenda huko, maana sikuona kama ni jambo la kusimama nyuma yake akisoma.

Niliporudi jua lilikuwa limeshalala kwenye mikaratusi. Yeye alikuwa ameketi nje kizingitini, macho mekundu, anamenya peasi kwa kisu changu cha kazi.

"Yule ng'ombe vipi?" akauliza.

"Kazaa. Jike."

Akanikatia kipande. Tulikula pale mpaka baridi ikatuinua, nikafunga ofisi, tukapandisha kwenda nyumbani, yeye mbele na begi lake, mimi nyuma.